Unakuja Kusoma Mombasa? Kaa Ng'ambo, Lakini Ujue Kukaa na Watu

Barua za kuitwa vyuoni zikitoka tu, simu yangu hailali. "Dada, nimeitwa TUM, nitafute nyumba wapi?" "Dada, bedsita ya bei nafuu yapatikana mtaa gani?" "Dada, mamangu asema Mombasa kuna majini, ni kweli?" Nawajibu wote, hata huyo wa majini. Lakini kuna jibu moja ambalo wenzangu hulitoa haraka haraka, na hilo ndo limenifanya niandike leo: "Kaa popote, bora isiwe Kisauni wala Likoni."

Mimi ni wa Likoni. Nimezaliwa Mtongwe, nikasoma kisiwani, na sasa huu mwaka wa tatu nakaa Mlaleo, Kisauni. Yaani hizo sehemu mbili unazoambiwa uzikimbie, moja imenilea na nyingine yanilisha. Nasema wazi: ushauri huo ni mbaya. Wametudharau, sawa, hilo tushazoea. Ubaya wake hasa ni kuwa wamwacha mgeni mikono mitupu. Ushamwambia asikae wapi, lakini hujamwambia mtu hukaa vipi. Na Mombasa, ukijua kukaa na watu, ng'ambo ni kwenu. Usipojua, hata ukilala Nyali kwenye geti na mlinzi, wewe ni mpita njia tu.

Basi keti, nikwambie ninayoyajua. Mengine nimeyajua kwa kuumia.

Mwanzo, jua mlango wako

Mombasa mjini ni kisiwa. Hili kila mtu amelisoma darasa la nne halafu akalisahau siku ya kutafuta nyumba. Kuingia na kutoka kisiwani kuna milango mitatu mikubwa. Kusini ni feri ya Likoni. Kaskazini ni Daraja la Nyali, lile la mwaka 1980, linalokupeleka Kongowea, Kisauni, Bamburi na mbele huko mpaka Mtwapa. Magharibi ni Makupa, unatokea Changamwe, halafu Jomvu, Miritini, na barabara yenyewe ya Nairobi.

Kosa la wageni ni kutafuta nyumba kwa bei kisha kuugundua mlango baadaye. Anza na chuo. TUM iko Tudor, kisiwani. Ukikaa Kisauni wavuka Nyali Bridge, washuka, wapanda tuktuk, umefika. Ukikaa Likoni wavuka feri, halafu bado una kisiwa kizima cha kukata. Yawezekana, mimi nimefanya, lakini lazima uwe mtu wa kuamka. Ukiitwa Kenya Coast National Polytechnic, hiyo iko huku huku, Barabara ya Kisauni. Sasa niambie, mtu amepata chuo Kisauni, akaambiwa Kisauni kubaya, akapanga kisiwani, kila asubuhi avuka daraja kuja kule kule alikokimbia. Nauli amelipa, hofu hajaiacha.

Changamwe watu huisahau. Ni kelele, ni matrela, ni vumbi, na siku matrela yakifungana hapo Magongo, masomo ya asubuhi yasahau. Lakini ukifika mwaka wa atachmenti utanikumbuka. Bandari iko upande huo wa Kipevu, uwanja wa ndege wa Moi uko huko, viwanda viko huko, stesheni ya SGR iko Miritini. Rafiki zangu wa uhandisi na wa mambo ya mizigo, wengi waliopanga Chaani na Magongo walikuwa wakienda kazini kwa miguu wakati sisi wengine tulikuwa tukihesabu sarafu stejini.

Feri haina haraka yako

Anayevuka Likoni kwa miguu halipi. Sema tena na moyo wako: halipi. Wanaolipa ni wenye magari. Akitokea mtu hapo juu akikuomba pesa ili "akupitishe haraka", huyo ana biashara zake.

Mwaka wangu wa kwanza nilikosa mtihani. Nilikuwa nimejipangia dakika kumi za feri, manake kuvuka kwenyewe hakufiki hata dakika kumi. Nikasahau kuna kushuka kwenye matatu, kuteremka na umati, kungoja geti, kupanda, kuvuka, kushuka tena, kupanda mlima wa upande wa pili, halafu kutafuta gari. Mwenyeji mzima wa Likoni! Mwalimu hakunisikiliza na alikuwa na haki. Tangu siku hiyo, asubuhi ya siku ya kazi najipa saa nzima kutoka Likoni mpaka ndani ya matatu ya upande wa kisiwani. Ikibaki, nakunywa chai.

Na kuna jambo jingine. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa. Sikuwa nimezaliwa. Lakini kwetu hilo si jambo la vitabuni, ni la majina ya watu. Nyanyangu mpaka leo akivuka hasemi neno mpaka aguse nchi kavu, na ukimsemesha hakujibu. Kwa hivyo ukiona watu wazima wa Likoni wamenyamaza kwenye feri, usidhani wana kiburi. Na tafadhali, mimi mwenyewe nawaambia, mimi ninayeishi kwa kamera: usisimame ukingoni kupiga vidio, usicheze pale feri inaposhusha mlango wake, usikimbilie feri inayoondoka. Nyingine yaja. Usiku kucha zavuka.

Siku hizi pia kuna barabara ya Dongo Kundu inayounganisha upande wa kusini na Miritini bila kugusa kisiwa. Ni nzuri ukiwa wakimbilia treni na mabegi yako. Kwa chuo cha Tudor ni mzunguko.

Uliza maji kabla ya bei

Hili laandike kwenye karatasi. Ukionyeshwa chumba, usiulize "ni pesa ngapi?" Uliza "maji ni yapi, na yaja siku gani?"

Mombasa yote hunywa maji ya majirani. Maji matamu yatoka Mzima kule Taita Taveta, yatoka Baricho kule Kilifi, yatoka Marere na Tiwi kule Kwale. Yakifika, yafika. Yasipofika, mitaa mingi ng'ambo hutegemea visima, na maji ya visima vingi ni ya chumvi. Utaoga, sawa. Lakini sabuni haitoi povu, nywele zakuwa kama makuti, na maharagwe utayachemsha mpaka gesi iishe na bado yakutazame. Maji ya kunywa na kupikia utanunua kwa mtungi wa lita ishirini kutoka kwa jamaa wa mkokoteni. Mtungi mmoja si kitu. Hesabu mwezi mzima sasa. Chumba cha bei rahisi kisicho na maji matamu chaweza kukugharimu kuliko cha bei ya juu kidogo chenye mfereji.

Mengine ya kuangalia, haraka haraka. Tokeni za stima ni zako peke yako ama mnachanga ploti nzima? Dirisha lipo, na upepo waingia? Januari mpaka Machi utajua kwa nini nimekuuliza. Paa ni la mabati matupu bila dari? Utaiva humo. Mvua ya masika ikija, maji hupita wapi? Ukuta wenye mstari wa maji chini ushakujibu. Nenda ukakione chumba mchana, kisha urudi saa moja jioni uone mtaa ukiwa na watu wake.

Na dalali. Mimi nikihamia Kisauni nilipigiwa simu na dalali aliyekuwa na picha safi kabisa, chumba cheupe, vigae chini. Akataka pesa ya "kushikilia" kwanza, kwa M-Pesa. Nikatuma. Nikafika stejini, nikapiga simu, ikalia, ikakatwa, ikazimwa. Nilikaa pale na godoro langu mpaka mama mmoja muuza ndizi akanihurumia, akaniuliza, "Mwanangu, watafuta nani?" Ni yeye aliyenipeleka kwenye hiyo ploti ninayokaa mpaka leo. Funzo: usitume hata shilingi kabla hujakanyaga sakafu na kumwona mwenye nyumba, na watu wanaojua nyumba tupu ziko wapi ni wauza ndizi, wauza maji na mafundi wa cherehani. Hawana ukurasa mtandaoni, lakini mtaa wote wapita mbele yao.

Usiseme "nipe"

Nilikwambia Mombasa ni kujua kukaa na watu. Kukaa na watu kwaanza mdomoni.

Ukiingia dukani, salimia. Kabla ya unga, kabla ya chumvi, kabla ya "iko maziwa?" "Salaam aleikum" ama "hujambo mama" ama "habari za asubuhi", yoyote. Kama wewe si Mwislamu, salaam haitakuuma na hakuna atakayekuuliza dini. Halafu hilo neno "nipe". Najua kwenu ni neno la kawaida, halina ubaya. Huku lasikika kama amri. Sema "naomba", sema "nipatie tafadhali", sema "nisaidie na". Utaona bei haibadiliki lakini uso wabadilika, na siku una mfuko mtupu, ni ule uso utakaokukopesha unga.

Nyumba nyingi huku ni za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uwa nyuma, baraza mbele. Baraza si benchi la kituo cha basi. Ukiwapita watu wamekaa, usipite kama umeme. Simama nusu dakika, salimia, endelea. Mlangoni kwa mtu piga hodi na ungoje uitikiwe "karibu". Uwani ni kwa wanawake mara nyingi, kaka yangu usiingie na taulo ukipiga mluzi.

Ramadhani ikija, mchana mikahawa mingi hufungwa ama huweka pazia. Usinung'unike. Pika kwako, kula kwako. Jioni mtaa hugeuka: viazi, mihogo, kaimati, sambusa, harufu hadi barabarani. Jirani atakuletea sahani ya futari bila kukuuliza wewe ni nani. Pokea. Na sahani usiirudishe tupu. Hata ukiweka ndizi mbili, hata ukiweka chapati moja iliyoungua pembeni. Hiyo sahani ikienda na kurudi mara tatu, wewe si mgeni tena.

Na ile methali ya kwenu kwamba watu wa pwani ni wavivu, iache stendi ya basi kabla hujapanda. Mahamri unayokula saa moja asubuhi, mwenye kuyapika ameamka saa tisa usiku kukanda unga. Ukimwona amekaa saa nane mchana, amemaliza siku yake. Wewe ndo unaanza.

Pesa ndogo, tumbo kubwa

Mkopo wa HELB ukichelewa, na huchelewa, hutakufa njaa huku ukijua pa kula. Asubuhi mahamri na mbaazi. Mchana tafuta wali wa maharagwe ama wa pojo kwa mama anayepikia mafundi na watu wa mjengo. Wafanyakazi hawadanganyiki kwa sahani, fuata walipo. Jioni kuna mama karanga, anayekaanga samaki kando ya njia. Ukimzoea, anakuwekea kipande kabla hujafika. Viazi karai na ukwaju ni starehe, si chakula, nakwambia mapema manake mimi niliwahi kuishi navyo wiki mbili na ngozi yangu ikanisema.

Soko la Kongowea ndo ATM yako. Nendeni watu watatu asubuhi mapema, mnunue debe la nyanya ama gunia dogo la viazi, mgawane. Nunua kwa jumla na wenzako, usinunue nyanya tatu tatu dukani kila jioni kisha ulie karo.

Nauli: usimuulize makanga, muulize abiria mwenzako kwa sauti ndogo kabla hujakaa. Mvua ikinyesha bei hupanda, hilo halina mahakama. Tuktuk kuna ya kuchangia na kuna ya kukodi, na tofauti yake ni neno moja unalosema kabla ya kupanda. Ukiingia kimya na kukaa peke yako, umekodi.

Usalama, bila kudanganyana

Sasa lile uliloningojea. Ni kweli kuna hatari? Ndiyo. Sitakaa hapa nikupambie mtaa wangu kama wa harusi. Kisauni na Likoni tumekuwa na shida ya vijana wa makundi wanaotembea na mapanga. Wamepora watu, wameumiza watu, na mara nyingi waliyeumiza ni jirani yao wenyewe. Unga umekula kaka zetu. Muguka uko kila kona; mwaka 2024 kaunti ilijaribu kuupiga marufuku na mambo yakaishia mahakamani. Hayo ni yetu, tunayajua, hatuna haja ya kusomewa.

Kwa hivyo fanya hivi. Jua saa ambayo njia yako hukaukiwa na watu, na uwe nyumbani kabla yake. Shuka stejini penye taa na maduka hata kama ni hatua mia zaidi. Simu usiishike ukiwa ukingoni mwa tuktuk. Kitambulisho tembea nacho, na cha chuo pia, manake polisi wakifanya msako hawaulizi wewe ni mzuri ama mbaya, wauliza kitambulisho. Ukialikwa pati kwa mtu usiyemjua mtaa usioujua, jibu ni hapana, na hilo nawaambia wavulana sawa na wasichana. Na dada zangu: kama masomo yako yaisha saa mbili usiku na bado una feri na kisha mwendo wa ndani Likoni, muhula wa kwanza kaa kisiwani hata kwa kubanana na mwenzako. Sioni haya kulisema. Kuipenda ng'ambo si kukutumia wewe kama ushahidi.

Lakini angalia pia hili jina lafanya nini kwetu sisi. Binamu yangu ana diploma ya umeme. Kila fomu ya kazi, kwenye anwani, huandika "Nyali". Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nikiandika Kisauni hawapigi simu." Na kichekesho ni kuwa kabla ya uchaguzi wa 2013, Nyali yenyewe ilikuwa ndani ya eneo bunge la Kisauni. Mstari ulichorwa kwenye ramani, upande mmoja wakabaki watu wenye jina zuri, upande wa pili tukabaki sisi. Kila ukimwambia mgeni "bora isiwe Kisauni", wamsaidia huyo mwenye kazi kumkata binamu yangu. Hukukusudia, najua. Lakini umesaidia.

Mtoto wa mlango wa buluu

Nina sababu moja kubwa ya kuandika haya, na nimeiacha mwisho.

Mwaka jana alihamia msichana kwenye ploti yetu, kutoka Ukambani, mwaka wa kwanza. Nyumbani ameambiwa: Kisauni usiongee na mtu. Akatii. Alikuwa akitoka saa kumi na mbili asubuhi, kichwa chini, simu sikioni hata kama haongei na mtu. Akirudi, kufuli, pazia, kimya. Sisi nasi tukasema anaringa, hawa watu wa bara wana dharau. Mwezi ukaisha hivyo, na wa pili ukafika hivyo.

Usiku mmoja wa Jumamosi malaria ikamzidi. Alikuwa na chandarua, bado kimekunjwa ndani ya karatasi. Homa ikampanda akaanguka kati ya kitanda na mlango. Aliyemsikia ni mama wetu wa mahamri, manake saa tisa usiku yeye ndo peke yake aliye macho. Akagonga, kimya. Akapiga kelele ploti nzima ikaamka: "Yule mtoto wa mlango wa buluu haitiki!"

Mtoto wa mlango wa buluu. Miezi miwili ukuta kwa ukuta, na hakuna kati yetu aliyejua jina lake.

Mlango ukavunjwa. Vijana wawili wa tuktuk, wale wale aliokuwa akiwapita kwa upande wa pili wa barabara, wakambeba mpaka hospitali na hawakupokea hata nauli. Pale mapokezi tukaulizwa mgonjwa ni nani, na nani jamaa yake. Tukatazamana. Mama wa mahamri, unga bado mikononi, akasema, "Andika ni wangu."

Alipona. Lakini mimi sikulala siku nyingi. Nilikuwa nikifikiria: aliyemwambia asiongee na mtu alimpenda kweli, alitaka arudi mzima. Na ushauri wake ulikaribia kumuua. Manake wezi hawakumfikia kabisa. Kilichomfikia ni homa, ndani ya chumba kilichofungwa vizuri, katikati ya watu ishirini.

Kwetu sisi wenyeji

Halafu wenzangu wa ng'ambo, msidhani mmeponyoka. Huyo msichana angekuwa na jina kama mmoja wetu angegonga mlango wiki ya kwanza na kusema "karibu mtaani". Mimi nina wafuasi, nina maneno mengi, na mlango wake ulikuwa hatua sita kutoka wangu. Sikugonga. Nilingoja anisalimie yeye, kwa kuwa yeye ndo mgeni. Adabu gani hiyo? Mgeni huanza vipi kusalimia watu aliotishwa nao?

Na tuache kumwita mtu "mbara" mpaka jina lake litusahaulike. Tuache kupandisha kodi tukisikia lafudhi. Tuache kumwuzia mtungi wa maji kwa bei ya juu kwa sababu hajui bei. Twalalamika kuwa watu waogopa mitaa yetu, kisha akija mmoja aliyethubutu, twamchuna. Wanafunzi ni pesa kwa mama wa wali, kwa fundi, kwa kijana wa tuktuk, kwa mwenye nyumba. Mtaa ukijaa wanafunzi, taa za duka hukaa wazi mpaka saa nne, na njia yenye taa na watu ni salama kwetu sote. Wakikaa wanne wakaridhika, mwaka ujao waleta wanane. Wakikimbia, twabaki na giza letu na jina letu.

Basi, wiki ya kwanza fanya haya

Siku ya kwanza, kabla ya kufungua mabegi, zunguka ploti ujitaje jina kila mlango. Dakika kumi tu. Sema unatoka wapi na unasoma nini. Namba ya simu wape watu wawili: jirani mmoja na mwenye duka la karibu. Na ya mamako waachie pia. Chandarua funga usiku huo huo. Jua jina la kijana mmoja wa tuktuk anayelala mtaa huo, uweke namba yake. Jumamosi shuka ufuoni na mwenyeji, Likoni kuna Shelly, huku kwetu kuna Bamburi, ukumbuke kwamba umehamia mahali ambapo wengine hulipa kupaona.

Yule msichana sasa yuko mwaka wa pili. Jumamosi humsaidia mama kuuza mahamri, na Kiswahili chake kishaanza kutushinda wenyewe. Juzi alichelewa kurudi kwa sababu ya foleni pale darajani, dakika ishirini hivi. Akapigiwa simu na watu watatu.

Karibu ng'ambo. Ukifika, salimia.